Pakeji ya somo la sanaa Gredi 7 niloagiza Nairobi, nimeitumia muhula mzima hapa Lamu

Nimeona walimu wanaulizana kuhusu hizi pakeji za kupangia somo la sanaa, zile unatumiwa skimu ya kazi (mpango wa somo wa wiki kwa wiki) ya pidiefu pamoja na boksi la rangi na karatasi, nkasema ngoja niandike maana mimi nimeinunua kwa pesa yangu mwenyewe na nimeitumia muhula wa pili wote, sio wiki moja. Muuzaji simtaji jina, yuko Nairobi, sina nia ya kumharibia biashara yake, nataka tu mwalimu mwenzangu wa huku pwani ajue anachonunua kabla hajatoa elfu sita na mia tano. Hiyo ndo bei nlolipa mimi, na ukitia nauli ya mzigo kwa basi mpaka Mokowe kule bara, boti ya kuvuka kuja kisiwani, na hamali wa kuusukuma kutoka gatini hadi shule, inafika elfu saba na kitu.

Kwa nini nlinunua. Mimi nimesomea Kiswahili na Dini. JSS, yaani sekondari msingi, ilipoanza 2023 sanaa ya kuchora ilikuwa somo lake, la hiari, na sisi hatukuwa nalo. 2024 masomo yakapunguzwa yakawa tisa, kuchora na muziki na michezo vikaunganishwa somo moja, na hilo sio la hiari tena, lazima lifundishwe. Vipindi vitano kwa wiki, dakika 40 kila kimoja. Mkuu wa shule akanipa mimi upande wa kuchora, mwenzangu akachukua muziki na michezo. Sikuwa na skimu, sikuwa na rangi, nina watoto 48 darasani na muhula unaanza Jumatatu. Sasa ukiwa katika hali hiyo halafu uone tangazo linasema wiki kumi na mbili zimepangwa tayari, kila kitu ndani ya boksi, utalipa tu M-Pesa, mimi nlilipa usiku uleule.

Boksi lilikuja siku ya sita. Ndani: chupa za rangi za maji sita za nusu lita, brashi 12, penseli dazeni nne, rimu moja ya karatasi A4, udongo wa kufinyanga kilo tano ule wa kukauka bila tanuri, na kwenye simu ile pidiefu ya kurasa 64. Chupa mbili zilikuwa zimefumka njiani, ya manjano imemwagikia rimu, karatasi kama mia hivi zimeharibika. Hilo la kufumka nalielewa, mzigo unatoka Nairobi unabingirika kwenye buti ya basi kutwa kucha, lakini chupa ya rangi unaifunga na selotepu kifunikoni kabla hujaituma, huo ni utaratibu wa duka la kawaida tu.

Nianze na kizuri maana kipo. Kurasa za mwanzo, ya 9 mpaka ya 14, ni mazoezi ya dakika tano tano ya kufungulia kipindi, na hayo wallahi ni mazuri. Kuna lile la kuchora kitu bila kutazama karatasi, jicho linatembea pole pole kwenye ukingo wa kitu na mkono unafuata, mtoto haruhusiwi kuangalia chini. Siku ya kwanza walicheka mpaka basi. Wiki ya nne nkaona tofauti, maana mtoto wa kawaida hachori anachokiona, anachora anachokijua, mwambie chora kikombe atakuchorea mdomo wa kikombe duara kamili na kitako kimenyooka kama rula, kwa sababu anajua kikombe ni duara. Lile zoezi linamlazimisha atazame. Kuna na kidirisha cha kadibodi, unakata shimo la mstatili katikati, mtoto anachungulia anachagua kipi kiingie kwenye picha na kipi kibaki nje. Haigharimu kitu, boksi la dawa la duka la dawa linatosha. Na wazo la kila mtoto kuwa na kijitabu chake cha michoro, michoro midogo mitatu minne kwanza kabla ya ile kubwa, hilo nimelishika na sitaliacha.

Brashi nazo nzuri, namba 2, 6 na 10, hazikumwaga nywele, mpaka leo ziko.

Sasa rangi, hapa nataka nikae kidogo maana ndipo nlipoumia. Wiki ya tatu skimu inasema duara la rangi: mpe mtoto nyekundu, manjano na buluu, achanganye apate rangi ya chungwa, kijani na zambarau. Ya chungwa ikatoka. Kijani kikatoka kizuri mno, kama majani ya mwembe baada ya mvua. Zambarau ikakataa. Ikatoka rangi ya tope, lile tope la mikokoni maji yakishatoka. Watoto 48, meza zote, tope. Msichana mmoja wa mbele akanambia, "Ticha, mimi nimekosea," na machozi yanamlengalenga, na mimi sikuwa na jibu siku ile, nkamwambia tutarudia.

Usiku nkakaa nazo mezani nyumbani nkachanganya tone kwa tone mpaka nkaelewa. Ile nyekundu ya boksi sio nyekundu tupu, imeelekea chungwa, yaani ndani yake mna umanjano. Ile buluu nayo imeelekea kijani, na kijani ni nini kama si manjano na buluu. Kwa hivo ukizitia pamoja unakuwa umetia nyekundu, buluu NA manjano kwa siri, na rangi tatu za msingi zikikutana zote zinauana, unapata kahawia au tope. Zambarau safi inataka nyekundu ilioelekea waridi na buluu ilioelekea zambarau yenyewe. Mtoto hakukosea hata kidogo, aliyekosea ni aliyepanga boksi, na skimu nzima haina hata sentensi moja ya kumwonya mwalimu. Mwalimu ambaye hakusomea sanaa atadhani ni yeye au ni watoto.

Jirani yangu kuna bibi anayesuka mikeka. Ana zile rangi za unga za kutilia miyaa, anazichemsha kwenye sufuria kuukuu uani. Nkamwendea, shikamoo bibi, nkamweleza shida yangu. Ana waridi moja iliokoza inawaka, akanifungia kijiko kimoja kwenye karatasi akanambia, "Mwanangu, chukua, lakini hiyo mikononi haitoki siku tatu, wafunge watoto mifuko." Buluu nkachukua ya kufulia nguo. Wiki ya nne tukarudia, mifuko ya nailoni mikononi, na zambarau ikatoka, zambarau ya kweli, darasa zima likapiga kelele mpaka mwalimu wa hesabu wa darasa jengine akaja kutazama kuna nini. Yule msichana alipaka ukurasa mzima zambarau tupu, hakutaka kuchora kitu chochote, nami nkamwacha.

Karatasi. Rimu walotuma ni ya fotokopi, gramu 80. Ukipaka rangi ya maji juu yake inajikunja kama jani la mgomba lilopigwa na jua, na muhula wa pili huku kwetu ni msimu wa kusi na mvua, hewa yenyewe imejaa maji na chumvi, picha haikauki inabaki na unyevu mpaka kesho yake na zikirundikwa zinagandana. Kwa rangi unataka karatasi nzito, angalau gramu 150, mimi nkaishia kununua manila nkaikata A4, na yale makaratasi ya rimu nkayafanya ya michoro ya penseli. Penseli zenyewe zote ni HB. Skimu inasema wiki ya pili mtoto apake kivuli cha tufe ngazi tano kutoka nyeupe hadi nyeusi, sasa HB haifiki nyeusi hata ukandamize mpaka karatasi itoboke, inabaki kijivu inang'aa. Unataka 2B, 4B, 6B. Tulitumia makaa ya jikoni, unachagua vipande vyembamba unavizungushia karatasi mtoto asichafuke, na makaa yanakupa weusi hasa. Vumbi lake ni kazi, shati nyeupe za shule zililia, lakini kivuli walikielewa kwa siku moja.

Jambo kubwa zaidi lakini sio vifaa, vifaa unaweza kubadilisha. Ni kwamba skimu yote imeandikwa na mtu mwenye darasa jengine kichwani. Vipindi vyake ni vya saa nzima, kuna sinki la kuoshea brashi, kuna watoto 25. Mimi nina dakika 40. Dakika saba za kugawa vifaa, maji tunateka kwenye mtungi tunaleta kwa jagi, dakika nane za kuosha na kufuta meza maana baada yangu anaingia mwalimu wa Sayansi, umebaki na 25. Nlikaa na mwenzangu tukakubaliana nipewe viwili vilofuatana, dakika 80, mara moja kwa wiki, na yeye achukue vitatu, na hapo ndipo somo lilipoanza kupumua. Wiki 12 ukitoa ya kufungua na ya mitihani zinabaki kumi. Vikao kumi tu. Skimu ina mada kumi na tisa. Kwa hivo kupanga somo lenyewe kulikuwa ni kukata, na hapo pakeji haikusaidii kabisa, haikwambii kipi ukikiacha mtoto hapotezi na kipi ni nguzo. Nlikata kolaji, nkakata bango la tangazo, nkaacha mstari, kivuli, rangi, mtazamo, ruwaza na uchapaji, na kila kimoja nkakipa muda wa kurudiwa.

Halafu ile wiki ya mtazamo, yaani jinsi vitu vinavyokuwa vidogo vikienda mbali. Karatasi ya zoezi ina barabara pana ya lami, magari pande mbili, nguzo za stima, maghorofa. Watoto wangu wengine gari wanapanda wakivuka Mokowe. Sio kwamba hawajui barabara, wanaijua, lakini hawawezi kwenda kusimama katikati yake wakaitazama mpaka waelewe. Nkawatoa. Tulikwenda Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji wa kale, asubuhi mapema kabla watu hawajajaa, na kila aliyezaliwa Lamu anajua palivyo: kuta ndefu kulia na kushoto, njia nyembamba, mtaro unakwenda nayo, juu wikio umeunganisha nyumba mbili, na vyote hivo vinakimbilia mahali pamoja kule mwisho. Hakuna somo la mtazamo wa nukta moja lilo zuri kushinda lile, limejengwa kwa mawe ya matumbawe na linatungoja kila siku. Kila mtoto na njiti ya ufagio wa chelewa, anainyoosha mkono anailaza sambamba na ukingo wa ukuta, anaona imeinama kiasi gani, anaihamisha kwenye karatasi bila kubadili mlalo wake. Wakagundua wenyewe kwamba vilo juu ya macho vinashuka na vilo chini ya macho vinapanda. Kijana mmoja akakaa chini kwenye baraza ya daka akapiga kelele, "Ticha, imebadilika!" maana mstari wa macho umeshuka naye. Punda walipita na mizigo ya mchanga, tukabana ukutani, tukaendelea.

Tahadhari moja kwa mtakaofanya hivo: mji wetu wa kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na skimu ina zoezi la kuweka karatasi juu ya ukuta na kusugua kalamu ya nta upate umbile lake. Usilifanye kwenye kuta za watu wala kwenye Ngome, ile imeanza kujengwa 1813 ikamalizika 1821, imeshachoka, ilikuwa jela mpaka 1984 na bado imesimama. Sisi tulikaa Mkunguni, uwanja ulo mbele ya Ngome, tukaichora kwa macho, na kusugua tukasugulia mikeka, vifuu na ukili, vinatoka vizuri zaidi.

Ruwaza ndo nlipoiacha pidiefu kabisa. Kwenye pidiefu wanataka mtoto arudie pembetatu na nyota. Nkawapeleka kwa fundi wa milango, mzee mmoja tunaheshimiana naye, akatuonyesha miimo, kizingiti cha juu, na mfaa ule mti wa katikati unaofunika maungio ya mbao mbili. Anachora kwa bikari kwenye karatasi kwanza halafu ndo anahamishia kwenye mbao. Akawaambia, "Wanangu, gawanya nafasi kwanza, ua lije baadaye." Hiyo kauli nimeiandika ubaoni na bado iko, maana ndani yake mna ulinganifu na marudio na mizani vyote, ambavyo skimu imetumia kurasa sita kueleza kwa maneno magumu. Wasichana wakaleta hina, jinsi mstari mnene na mwembamba unavyopishana mkononi mwa bibi harusi, na kuna mtoto wa kiume mamake anashona kofia za vito akaleta moja ilo nusu, ukaona matundu yamepangwa kwa hesabu kabla sindano haijaingia.

Kuna jambo lazima niliseme kwa adabu. Skimu ina wiki tatu za kuchora sura na miili ya watu. Wazazi wawili walikuja, mmoja baba, akanambia kwa upole kwamba kwao hawachori viumbe wenye roho, nifanyeje na mtoto wake. Huku kwetu hilo ni jambo la kawaida na mwalimu anayepanga somo pwani lazima awe nalo kichwani toka mwanzo, sio mpaka mzazi aje. Nkaweka njia mbili zenye kipimo kimoja: anayetaka achore mtu aliyekaa, asiyetaka achore kiti cha mpingo au jahazi au tawi la mpapai, ujuzi unaopimwa ni uleule, uwiano na umbile na kivuli. Baba akafurahi, na mwanawe alitoa jahazi moja lenye tanga limejaa upepo ambalo hata sasa liko ofisini kwa mkuu.

Udongo sitauzungumza sana. Mfuko ulikuwa na tundu, nlipofungua nusu ilikuwa jiwe, ile nusu ilobaki kazi zilipokauka zikapasuka. Tukafanya kwa magazeti na uji wa unga wa ngano.

Wiki za mwisho skimu inasema mtoto abuni nembo ya kampuni. Nkabadilisha, abuni leso. Pindo, mji ule wa katikati, na jina, yaani yale maandishi. Hapo kila mtoto alijua nazungumzia nini bila kueleza, maana kila nyumba zimo. Pindo linamfundisha marudio na kona, mtoto anagundua kona ndo ngumu, ruwaza inafika kona inavunjika. Mji unamfundisha kujaza nafasi. Jina linamfundisha herufi, na linaingia Kiswahili changu humohumo. Tulichapa kwa muhogo, unaukata nusu unauchonga ua, unapaka rangi unagonga, ni salama kuliko visu vya kuchongea vilopendekezwa na skimu kwa watoto wa miaka 12. Mmoja aliandika "Nilipo ndipo penye raha" akazungushia pindo la nanga.

Upande wa alama: fomu yao ya kupimia ina safu moja tu ya maana, unadhifu. Mtoto anayechora kwa makaa hawezi kuwa nadhifu. Nlitengeneza yangu kwa zile ngazi nne tunazozijua, kuzidisha, kufikisha, kukaribia na mbali na matarajio, lakini nkapima wazo, matumizi ya zana, na mtoto kueleza kazi yake mwenyewe mbele ya wenzake. Kueleza kulitoa watoto ambao sikuwa nawasikia mwaka mzima.

Huduma ya muuzaji: nlituma picha za chupa zilofumka WhatsApp, akajibu baada ya siku tisa, akaomba msamaha, akatuma chupa moja kwa basi. Moja, sio mbili. Nilipomwandikia habari ya zambarau akasema walimu wengine hawajalalamika.

Nyota: mazoezi ya kufungulia na kijitabu, tano. Brashi nne. Rangi mbili, karatasi moja, udongo hapana. Mpango wenyewe kwa shule ya huku mbili na nusu. Muulizeni kama anauza pidiefu peke yake, mimi baadaye nlisikia anauza kwa elfu moja na mia mbili, hiyo ni bei ya haki. Ile tano elfu na zaidi inayobaki inanunua manila, penseli za 2B na 4B, rangi ambazo umezijaribu mwenyewe dukani kwa kidole kwanza, na kijiko cha waridi kwa msusi wa mikeka. Na mukienda kwake mwambieni bibi kwamba ni kwa ajili ya watoto, atawapimia na kuwaeleza vipi kuichemsha.